Usipulize: historia ya kaseti ya gemu, kutoka Kyoto hadi Kwihara

SEHEMU YA 1: Boksi la stoo

Nesi wenu nimerudi. Wiki hii siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea gemu. Ndiyo, gemu za zamani, zile za kaseti ya njano tulizocheza kwenye TV ya chogo. Nivumilieni. Ni historia, lakini mwisho wake unagusa mtoto wako.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa mama, Kwihara. Kwa wasiopajua, ni hapa jirani na Tabora mjini, penye lile tembe alilokaa Livingstone. Mama aliamua stoo isafishwe, na mnajua mama akiamua stoo isafishwe hakuna anayekaa. Chini ya magunia tukakuta boksi limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani: mashine ya TV gemu, pedi zake mbili (za kuchezea jamani, msianze!), bastola ya plastiki ya kupigia bata, kaseti tatu za njano, na Game Boy moja ya kijivu ambayo mjomba alituletea kutoka Muscat.

Mtoto wa dada yangu, ana miaka 7, akaokota kaseti moja. Hajawahi kuiona maishani mwake. Unajua alifanya nini? Aliigeuza, akaiweka mdomoni kama filimbi, akapuliza. Fuuu!

Mama akasema, "Puliza vizuri, mjukuu wangu, mpaka vumbi litoke."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani alimfundisha huyu? Na mama je, ambaye hajawahi kushika pedi, alijuaje? Kupuliza kaseti kulienea duniani kote, kuanzia Marekani hadi Ng'ambo hapa mjini kwetu, na wala haikuwa dawa. Nitawaeleza kwa nini.

Lakini kicheko changu hakikudumu. Chini ya boksi kulikuwa na paketi ya betri mbili za saa, zile nyembamba za duara zinazong'aa. Betri moja ilikuwepo. Nafasi ya pili ilikuwa tupu, imechanwa. Na pembeni ya boksi alikuwa amekaa mtoto wa mdogo wangu, mwaka mmoja na miezi minane, anatafuna kitu.

Hiyo nitaimalizia Sehemu ya 5, kwa sababu ili muelewe betri ilikuwa inatafuta nini kwenye boksi la gemu, lazima tuanzie mbali. ILA: kama wewe unayesoma hapa unahisi mwanao kameza betri leo, usisubiri sehemu zangu. Funga simu, nenda hospitali sasa hivi.

SEHEMU YA 2: Kyoto, 1983

Kampuni ya Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 mjini Kyoto, Japani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata. Miaka karibu mia moja baadaye, tarehe 15 Julai 1983, wakatoa mashine nyekundu na nyeupe iliyoitwa Famicom. Aliyeongoza uundaji wake ni mhandisi Masayuki Uemura. Ilikuwa inachomekwa kwenye televisheni ya nyumbani, na gemu zilikuwa ndani ya kaseti unazobadilisha. Leo unacheza hii, kesho ile.

Sasa kaseti hii ni nini? Tuliiita kaseti kwa sababu tulishazoea kaseti za redio, lakini ndani haina utepe. Ina kibao kidogo cha saketi chenye chipu zilizobeba gemu. Ukingo wa kibao umepangwa vijipande vya shaba vilivyopakwa dhahabu nyembamba sana, au madini ya bei rahisi zaidi kwenye zile feki. Kaseti ya Famicom ina vijipande 60. Ukiichomeka, kila kimoja kinagusana na pini yake ndani ya mashine.

Hapo ndipo ugonjwa wote ulipo. Ni kama watu 60 wameshikana mikono kupitisha ujumbe. Mmoja tu akiachia, ujumbe unafika umeharibika. Mashine inasoma upuuzi, nawe unaona skrini ya kijivu, au herufi zilizochanganyikana, au chenga tupu.

Mwaka 1985 Nintendo wakaipeleka mashine Marekani kwa jina la NES. Kule biashara ya gemu ilikuwa imeanguka vibaya mwaka 1983, wenye maduka hawakutaka hata kusikia. Basi wakaibadilisha sura, ikafanana na deki ya video: kaseti inaingia kwa mbele, halafu unaibonyeza chini. Kaseti nazo zikawa kubwa, zenye vijipande 72.

Ulikuwa uamuzi mzuri wa biashara na mbaya wa ufundi. Pini za ndani zilikuwa zinapinda kila unapobonyeza, na kadiri miaka ilivyokwenda zikachoka. Juu ya hapo kulikuwa na chipu ya ulinzi iliyokagua kama kaseti ni halali. Isipopata mawasiliano mazuri inaizima na kuiwasha mashine tena na tena, taa nyekundu inapepesa. Watoto wa Marekani wakaitoa kaseti, wakaipuliza, wakairudisha. Ikiwaka, wanasema pumzi imefanya kazi.

Nintendo wenyewe walisema msipulize. Mwaka 1989 wakaanza kuuza vifaa maalum vya kusafishia. Hakuna aliyesikiliza. Mnajua wenyewe: mtu akishaona dawa yake "imefanya kazi" mara moja, utamwambia nini?

Famicom na NES kwa pamoja ziliuzwa karibu milioni 62 duniani. Lakini zilizofika kwetu nyingi hazikuwa hizo. Viwanda vya Taiwan na China vilitengeneza mashine za kuigiza, zinazokubali kaseti za vijipande 60, zinazoingilia kwa juu kama Famicom ya Japani. Zilikuwa nyepesi, rahisi, na kaseti moja iliandikwa ina gemu 9,999,999. Ukihesabu vizuri zilikuwa chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Tulidanganywa, na tulifurahi kweli.

SEHEMU YA 3: Njia ya msafara

Sasa zimefikaje Tabora?

Kwetu sisi vitu kutoka mbali si jambo geni. Karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: kutoka Bagamoyo unafika hapa, halafu unakwenda Ujiji, au unapanda kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenyewe, walibeba begani nguo za merikani, shanga na waya za shaba kuja bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Na watumwa walipitishwa njia hiyo hiyo, tusilisahau hilo tunapoisifia. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika huku mwezi Juni. Miezi mitatu hivi kwa miguu.

Tarehe 18 Februari 1872 yeye na Livingstone waliingia Kwihara wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka 14 Machi. Livingstone akabaki kwenye tembe akisubiri wapagazi na mizigo mpaka 25 Agosti. Zaidi ya miezi mitano ya kusubiri! Kama nesi, kinachonigusa kwenye safari zake ni sanduku la dawa. Mapema mwaka 1867 lilipotea, mtu katoroka nalo, na akaendelea miaka bila kwinini yake. Jijini kwao dawa ilikuwepo, na yeye mwenyewe alikuwa daktari aliyejua kuitumia. Lakini huku porini elimu alikuwa nayo, kitu hakikuwepo.

Kwetu ikaja kuwa kinyume chake: kitu kinafika, elimu yake inabaki njiani.

Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912, na kile cha miezi mitatu kikawa cha siku chache. Lakini televisheni ilichelewa sana. Zanzibar walianza na televisheni ya rangi mwaka 1973, wakaitangulia sehemu kubwa ya Afrika. Bara tulikaa bila kituo mpaka 1994, vilipoanza vituo binafsi, CTN na ITV. Kabla ya hapo mwenye TV alikuwa anaangalia deki. Kwa hiyo wakati watoto wa Japani wanapuliza kaseti mwaka 1983, sisi bara hatukuwa hata na kituo cha kuangalia.

Ndiyo maana gemu za 1983 na 1985 kwetu ni za mwishoni mwa miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000. Wafanyabiashara walifuata mzigo Kariakoo, mzigo ukapanda treni, ukashuka Tabora pamoja na mabeseni na redio za betri. Mimi niliikuta kwenye chumba kimoja mjini, Ng'ambo. Unatoa sarafu ya hamsini yenye kifaru, unacheza mpaka ufe. Watoto kumi na tano mnaangalia, wawili wanacheza, na mwenye chumba ana fimbo.

Yule mwenye chumba ndiye aliyekuwa fundi, na ndiye aliyekuwa mpulizaji mkuu. Kaseti ikigoma anaitoa, anapuliza, anaifuta kwenye shati, anapuliza tena, anairudisha. Sisi tumenyamaza kama tuko kanisani. Picha ikitokea, kelele!

Asingejua njia nyingine. Mashine ilikuja kwenye boksi lenye picha nzuri, na karatasi ya maelezo ama haikuwepo, ama ilikuwa ya Kichina. Alifanya alichoona kinafaa. Simlaumu hata kidogo.

SEHEMU YA 4: Pumzi

Haya, kwa nini kupuliza kulionekana kunafanya kazi?

Kwa sababu ili upulize, lazima uitoe kaseti. Na ili ucheze, lazima uirudishe. Kule kutoa na kurudisha ndiko kulikosaidia: pini zinakwangua ule utando mwembamba wa uchafu, na vijipande vinakaa upya mahali pake. Ungeitoa na kuirudisha bila kupuliza, ingewaka vile vile. Sifa ikaenda kwa pumzi.

Na pumzi ilikuwa inadhuru. Pumzi ya binadamu ina unyevu na chembe za mate. Puliza kioo uone kinavyofuka. Unyevu ule ukikaa kwenye shaba siku baada ya siku, unaleta kutu ya kijani. Kutu inazuia umeme, kaseti inagoma zaidi, unapuliza zaidi. Tuliiua taratibu huku tukidhani tunaitibu.

Mama zangu, hamjaona kitu hapa? Mtoto akianguka akachubuka goti, tunafanya nini? "Pole mwanangu, njoo nikupulizie." Mtoto ananyamaza. Kilichomnyamazisha ni wewe, mkono wako na sauti yako, na hiyo usiache kamwe. Lakini ile pumzi inapeleka vijidudu vya mdomoni kwenye kidonda kibichi. Mbembeleze, mpakate, halafu osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Pumzi iache.

Sasa kwa wale wenye mashine stoo, na najua mpo, hivi ndivyo inavyosafishwa.

Kwanza zima na chomoa kila kitu ukutani. Adapta ukiiona imevimba, waya umechubuka au inanukia kuungua, itupe, tafuta nyingine yenye volti zile zile zilizoandikwa kwenye mashine. Kama mashine yenyewe ni ya Japani, adapta yake ya asili ni ya umeme wa volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 ya hapa kwetu, unaiaga.

Pili, mwili wa plastiki unafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini. Kisikamuliwe maji ndani.

Tatu, vijipande vya kaseti. Chukua vijiti vya pamba vya masikio na alkoholi ya isopropili. Lowanisha kidogo, futa kila upande, badilisha kijiti mpaka kitoke cheupe. Pitisha kijiti kikavu. Acha dakika kumi.

Hapa nesi niseme jambo. Hospitali tunatumia alkoholi ya asilimia 70 kuua vijidudu, na ile 30 ya maji ina kazi yake: inaifanya isikauke haraka, ipate muda wa kuwamaliza. Kwenye kaseti mambo ni kinyume, maji ndiyo adui, kwa hiyo fundi anapenda ya asilimia 90 kwenda juu. Kitu kile kile, kazi mbili tofauti. Ukikosa, ya 70 inasaidia, ila acha ikauke muda mrefu zaidi. Kaseti za zamani za NES ziliandikwa kwa nyuma zisisafishwe kwa alkoholi, kwa hiyo usiimwage wala usiifikishe kwenye karatasi ya picha, gusa vile vijipande tu. Na usifanye karibu na jiko la mkaa, inashika moto upesi mno.

Nne, usitumie msasa, kisu, mafuta ya taa wala dawa ya kung'arishia vyuma. Utaondoa ule mpako mwembamba, na ukishaondoka haurudi.

Tano, tundu la mashine. Ingiza na kutoa kaseti iliyosafishwa na kukauka, mara tano au sita, mashine ikiwa imezimwa. Uchafu mwingi unatoka hivyo. Angalia na mende, wanapenda joto la ndani.

Sita, TV ya chogo. Usiifungue! Ndani yake kuna umeme wa zaidi ya volti 20,000 unaoweza kubaki hata ukichomoa waya. Na usimtume mtoto kuibeba, ni nzito kwa mbele, inapinduka na kumwangukia. Lakini kama unataka ile bastola ya bata ifanye kazi, hauna jinsi, unahitaji chogo. Bastola ile inasoma jinsi chogo linavyochora mwanga kwenye kioo, kwenye TV bapa hailengi chochote.

Ndiyo maana mashine hizi ziliingia stoo kwa wingi. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia, mikoa mingine ikafuata, tukanunua ving'amuzi, halafu TV bapa. Chogo likauzwa au likawa meza ya kuwekea TV mpya. Gemu ikafungwa kwa kamba ya katani.

SEHEMU YA 5: Betri ya pili

Leo ndiyo leo.

Kaseti nyingi za njano hazikuwa na uwezo wa kukumbuka. Umeme ukikatika, na Tabora ulikuwa unakatika kweli, unaanza upya. Lakini baadhi ya kaseti halisi, hasa za gemu ndefu, zilihifadhi ulipofikia. Zilifanyaje? Kulikuwa na chipu ya kumbukumbu inayohitaji umeme kidogo muda wote, na betri ndogo ya duara ya kuilisha, imelehemewa ndani. Inadumu miaka kumi, kumi na tano, wakati mwingine zaidi. Siku ikifa, gemu bado linacheza, ila halikumbuki kitu.

Game Boy ilitoka mwaka 1989, na ile ya mjomba ilikuwa na kaseti ya aina hiyo. Kaka yangu alikuwa ameifikisha mbali sana. Siku moja akaiwasha, kila kitu kimefutika. Alilia, na alikuwa ameshaota ndevu! Basi akaamua kubadilisha betri mwenyewe. Skrubu za kaseti hizo zina kichwa cha ajabu, bisibisi ya kawaida haikubali, kwa hiyo aliyeyusha bomba la biki akalikandamiza juu ya skrubu mpaka likachukua umbo lake. Akanunua paketi ya betri mbili. Haya yote niliyajua baadaye.

Jumapili ile nilichojua ni hiki tu: nafasi moja ni tupu, na mtoto anatafuna.

Nilimfungua mdomo. Kipande cha karatasi. Nikageuza boksi zima sakafuni, tukatafuta chini ya mkeka, kwenye nguo yake, kwenye nepi. Hakuna. Mama akasema, "Si kama sarafu tu? Itatoka yenyewe kesho."

Mama yangu amelea watoto sita na ana akili kuliko mimi. Lakini hapa hakuwa sahihi, na nyumba nyingi zinasema hivyo hivyo.

Sarafu ikishuka mpaka tumboni, mara nyingi kweli inatoka. Betri ya saa si sarafu. Ile ya paketi imeandikwa CR2025. Namba hizo ni kipimo: upana milimita 20, unene milimita 2.5. Kwa upana huo inaweza kukwama kwenye koo la chakula la mtoto mdogo. Ina volti 3. Ikikwama, nyama zenye unyevu zinaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na upande wa hasi kunatengenezwa kemikali kali kama magadi makali ya kuzibulia mabomba. Inachoma. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya masaa 2. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Na hata betri iliyokufa, isiyoweza tena kuwasha kitu, bado ina nguvu ya kutosha kumchoma mtoto.

Niliwahi kumhudumia mtoto wa namna hii. Siwezi kusema wapi wala lini, na sitasema zaidi. Alikuwa anakohoa na kukataa kula, ikadhaniwa kifua. Hakuna aliyemuona akimeza. Nilimfikiria yeye nilipokuwa nimepiga magoti stoo.

Sikusubiri. Nikamwambia mdogo wangu, "Vaa viatu, tunaondoka." Nikamwambia mama, "Mama, naomba asali."

Asali, ndiyo. Sisi wa Tabora ambao asali iko kila nyumba, tulijue hili. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ikiwa hayajapita masaa 12 tangu ameze, mpe asali vijiko viwili vya chai, kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, MKIWA NJIANI. Inaipaka ile betri na kupunguza makali ya kemikali. Haiondoi betri, haiponyi, na usichelewe kuondoka eti kwa sababu unatafuta asali. Mtoto chini ya mwaka mmoja usimpe asali kabisa. Zaidi ya hapo usimpe chakula wala kinywaji, na usimtapishe.

Tukapanda bodaboda, mdogo wangu kampakata, mimi nyuma na chupa ya asali. Hospitalini nilisema neno moja la kwanza: betri. Semeni hivyo hivyo. Msiseme "kameza kitu", semeni betri, na bebeni ile paketi au betri inayofanana. Kwenye eksirei betri inaonekana kama duara lenye ukingo mara mbili, sarafu haina huo ukingo wa pili. Hapo ndipo daktari anajua anakimbizana na nini.

Picha ikatoka safi. Hakuna kitu.

Mdogo wangu alilia pale kwenye benchi. Mimi nikampigia kaka. Akasikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, ile moja niliiweka ndani ya kaseti. Nilikosa chuma cha kulehemu, nikaibandika na selotepu."

SEHEMU YA 6: Karatasi ya maelezo

Nimeulizwa kama najuta kwenda hospitali bure. Sijuti. Ningekaa nyumbani kusubiri uhakika, na kaka asingepokea simu, ningekuwa nakisia na koo la mtoto.

Jumapili ya jana nilirudi Kwihara. Kaka naye alikuja. Tulifungua ile kaseti na betri ilikuwemo kweli, selotepu imekauka, imebaki kuning'inia upande mmoja. Ingedondoka siku yoyote. Tukaitoa, tukaizungushia plasta pande zote mbili pamoja na mwenzake, tukaziweka juu kabisa ya kabati zikisubiri kupelekwa kwa fundi saa anayezikusanya. Kaseti itabaki bila kumbukumbu mpaka apatikane fundi wa kuilehemu sawasawa. Kaka amekubali, kwa shingo upande.

Na nyie leo jioni pitieni nyumba. Betri hizi ziko kwenye rimoti ndogo, mizani, saa, kadi za kuimba, vimidoli vinavyowaka taa. Mfuniko wa betri ukiwa hauna skrubu, kifunge kwa plasta au kiondoe kabisa mahali mtoto anafika. Mtoto akianza ghafla kutoa mate mengi, kukataa kula, kukohoa au kutapika, na hujui sababu, fikiria betri. Ikiwa puani au sikioni, usiweke dawa ya matone yoyote, nenda naye tu.

Halafu tukaisafisha mashine. Kijana wa miaka 7 ndiye aliyeshika vijiti vya pamba, mimi nikashika chupa ya alkoholi, hiyo haishikwi na mtoto. Vijiti vinne vya kwanza vilitoka vyeusi kama masizi. Cha tano kijivu. Cha saba cheupe. Jirani akatuazima TV yake ya chogo, baba zao wawili wakaibeba.

Jaribio la kwanza: chenga. Yule kijana akaitoa kaseti, akaiinua kuelekea mdomoni, akaniangalia, akaishusha. Akairudisha taratibu. Picha ikatokea, na ule muziki jamani, kaka alipiga kelele kama yuko Ng'ambo mwaka 2001.

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la karanga. Akauliza, "Hamkupuliza?"

"Hatukupuliza, mama."

"Mh," akasema. "Basi iandikeni mahali, maana mkiondoka nyie mimi nitasahau."

Nikachukua plasta pana, nikabandika juu ya boksi, nikaandika kwa kalamu nzito: USIPULIZE. FUTA KWA ALKOHOLI, ACHA IKAUKE. BETRI HAZIKAI HUMU.

Usiku mwema, mama zangu. Wiki ijayo narudi kwenye uji wa lishe.